Kurudia na Kutunga: Uhakiki wa Albamu Mbili za The Rolling Stones

Lugha yetu haina neno moja lililokubaliwa na wote kwa kazi ya msanii aimbaye wimbo uliokwisha kuimbwa na mwingine. Wapiga muziki wa dansi husema kopi, na mara nyingi husema hivyo kwa dharau kidogo, kwani bendi ya kopi ni bendi isiyo na chake. Wengine husema kuiga, wengine kunakili, wengine kurudia. Maneno haya hayalingani. Anakiliye hana nia ya kuongeza wala kupunguza. Aigaye hutaka afanane na mtu aliye bora kuliko yeye. Lakini arudiaye aweza kufika mahali pale pale akaona jambo ambalo safari ya kwanza halikumwonekea. Mhakiki asiyetenga maana hizi atakuwa amekwisha kuihukumu kazi kwa neno alilolizoea, kabla hajaisikiliza.

Katika makala hii nakusudia kuyapima maneno haya kwa mfano wa mbali na kwetu, nao ni mfano wa kundi la Kiingereza la muziki wa roki liitwalo The Rolling Stones. Nimechagua albamu zao mbili. Ya kwanza ni Blue & Lonesome, iliyotoka Desemba 2016: ina nyimbo 12, na zote ni za watu wengine. Ya pili ni Hackney Diamonds, iliyotoka Oktoba 2023: ina nyimbo 12 pia, 11 kati ya hizo ni mpya na mmoja tu ni wa mtu mwingine. Wapigaji wakuu ni wale wale, na umri wao ni mkubwa. Kwa hiyo tunaweza kuuliza swali ambalo kwa msanii kijana halijibiki vizuri: mtu aliyepiga muziki kwa zaidi ya miaka hamsini huwa mtungaji zaidi anapotunga, au anaporudia?

Mizani ya swali hili sitaiazima mbali. Washairi wa Kiswahili wanayo tangu zamani, nayo ni takhmisi. Katika takhmisi mshairi hutwaa beti za mwenzake zenye mistari miwili, akazitangulizia mistari mitatu yake mwenyewe, hata ubeti ukawa na mistari mitano. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alizifanyia hivyo beti zinazonasibishwa na Liyongo, na hapana msomaji wa Takhmisi ya Liyongo amwitaye Sayyid Abdallah mwigaji. Kazi yake huulizwa maswali matatu. Je, mistari ya mwenyewe imebaki na nguvu yake? Je, mistari iliyoongezwa yastahili kukaa nayo katika ubeti mmoja? Je, jina la mwenyewe limetajwa? Najua kwamba mfano huu hauwiani kila upande. Nyongeza ya mshairi huonekana kwa jicho katika mistari mitatu ya juu, hali nyongeza ya mwimbaji imetawanyika katika wimbo mzima: katika sauti, katika mwendo, katika mkono wa mpiga ngoma. Lakini maswali matatu yanabaki yale yale, nami nitayafuata.

Kwanza yafaa kueleza asili ya kundi lenyewe. Mick Jagger na Keith Richards walizaliwa mwaka 1943 katika mji wa Dartford, karibu na London. Walifahamiana utotoni, wakapoteana, kisha wakakutana tena mwaka 1961 katika kituo cha garimoshi cha mji huo. Jagger alikuwa amebeba sahani za santuri za Chuck Berry na Muddy Waters, na sahani hizo ndizo zilizofungua mazungumzo. Mwaka uliofuata kundi lilianza, na jina lake likatolewa katika wimbo wa Muddy Waters wa mwaka 1950. Sahani yao ya kwanza, ya Juni 1963, ilikuwa wimbo wa Chuck Berry. Ya pili ilikuwa wimbo wa Lennon na McCartney wa kundi la The Beatles. Albamu yao ya kwanza ya mwaka 1964 ilikuwa na wimbo mmoja tu ulioandikwa kwa majina ya Jagger na Richards. Msimamizi wao, Andrew Loog Oldham, ndiye aliyewahimiza watunge. Wakajifunza haraka: mwaka 1966 walitoa Aftermath, albamu ya kwanza ambayo nyimbo zake zote ni za watu hao wawili.

Basi kwa vijana hawa kurudia hakukuwa kazi ya watu waliokosa la kusema, bali kulikuwa chuo. Nyimbo walizozirudia zilikuwa za bluzi, yaani nyimbo za Wamarekani weusi zilizokulia katika mashamba ya Kusini na kuhamia Chicago pamoja na wafanyakazi waliokwenda kutafuta kazi huko. Vijana wa Dartford hawakuwa na mashamba hayo wala safari hiyo. Walikuwa na sahani tu. Mtu ajifunzaye kwa sahani hujifunza kama mwanafunzi ajifunzaye kwa kitabu bila mwalimu: huyashika maneno yote, lakini asijue ni neno lipi lililosemwa kwa kicheko. Katika sahani zao za ujana bluzi husikika kama kitu cha haraka, cha kujigamba, na cha usiku mmoja. Yalikuwa maigo mazuri, wala wao wenyewe hawakudai zaidi.

Tuje sasa kwenye Blue & Lonesome. Mwezi wa Desemba 2015 waliingia katika studio ya British Grove, magharibi ya London, kwa nia ya kurekodi nyimbo mpya. Kazi haikwenda vizuri. Ili wakizoee chumba, wakapiga wimbo wa bluzi uliokuwa ukiimbwa na Little Walter, ule uliokuja kuipa albamu jina lake. Ukawapendeza, wakapiga mwingine, na mwingine, na kwa siku tatu albamu ilikuwa imekwisha. Walipiga pamoja katika chumba kimoja. Eric Clapton, mpiga gita mwenzao wa rika moja, alikuwa katika jengo lilo hilo kwa kazi yake mwenyewe. Akaitwa, akapiga nao nyimbo mbili. Jagger na mpiga ngoma Charlie Watts walikuwa wamekwisha kupita miaka 70, na Richards alikuwa akiikaribia 72.

Swali la kwanza ni kama mistari ya mwenyewe imebaki. Imebaki, tena mahali pengine imebaki kupita kiasi. Wimbo wa kwanza, "Just Your Fool", unafuata mwendo wa Little Walter hatua kwa hatua, na msikilizaji aliyeuzoea ule wa mwaka 1960 hatapata jambo jipya ila sauti ya Jagger. Hapo neno kopi lina haki yake. Lakini katika "Little Rain", wimbo wa Jimmy Reed wa mwaka 1957, mambo ni mengine. Mwendo ni wa polepole, magita yanasemezana kwa chini, na kati ya neno na neno pana nafasi ambayo kijana asingaliiacha wazi. Nafasi hiyo ndiyo nyongeza. Kijana huogopa kimya katika wimbo, akakijaza, mzee hukitumia.

Swali la pili ni kama nyongeza yastahili. Hapa ushahidi wa kwanza ni kinanda cha mdomo. Katika albamu zao za nyimbo mpya Jagger hukipiga kwa nadra, na watu wengi wamemjua kwa sauti na kwa kucheza jukwaani. Katika albamu hii hukipiga karibu mwanzo hata mwisho, na "Hoo Doo Blues" ya Lightnin' Slim inatosha kuonyesha kwamba chombo hiki ndicho kinachotoa sauti yake ya kweli. Sauti ya koo inaweza kujifanya. Pumzi katika kinanda cha mdomo haiwezi kujifanya kwa muda mrefu. Ushahidi wa pili ni ngoma ya Watts. Mpigaji huyu aliupenda muziki wa jazi kuliko roki, na desturi yake ilikuwa kuuinua mkono wa kulia kutoka kwenye matoazi pale mkono wa kushoto unapopiga ngoma ndogo, hata pigo likapata pumzi. Katika nyimbo za roki zilizojaa vyombo desturi hiyo husikika kwa shida. Katika bluzi, ambayo haina wingi wa kujifichia, husikika dhahiri.

Sisemi kwamba kila jaribio limefaulu. "Commit a Crime" ni wimbo wa Howlin' Wolf, mtu aliyekuwa na sauti nzito yenye mikwaruzo, sauti iliyoweza kumtisha msikilizaji hata ilipokuwa ikitania. Jagger hana sauti hiyo, naye alijua. Hakujaribu kuifikia, bali aliuharakisha ulimi, akaufanya wimbo kuwa wa mtu anayejitetea badala ya mtu anayeshtaki. Huo ni uamuzi wa mtungaji, ingawa wimbo ni wa mwingine. Lakini "I Can't Quit You Baby", wimbo wa Willie Dixon uliorekodiwa na Otis Rush mwaka 1956, umewashinda. Rush aliimba kwa sauti ya juu, kama mtu aliyekabwa, na sauti hiyo ndiyo ilikuwa wimbo wenyewe. Hapa Jagger anajitahidi na Clapton anapiga kwa ustadi mkubwa, lakini ustadi wa gita umeketi mahali palipokuwa pa maumivu. Mistari mitatu ni mizuri, ila haikai katika ubeti mmoja na ile miwili.

Sasa naja kwenye swali la tatu, ambalo kwangu ndilo zito, kwa kuwa ndani yake mna haki ya mtu. Je, jina la mwenyewe limetajwa? Katika Blue & Lonesome majina yametajwa: Little Walter, Howlin' Wolf, Magic Sam, Eddie Taylor, Jimmy Reed na wenzao. Lakini haikuwa hivyo siku zote. Mwaka 1968, katika albamu Beggars Banquet, kundi hili liliimba wimbo "Prodigal Son", unaosimulia mfano wa mwana mpotevu katika Injili ya Luka. Sahani za kwanza ziliuandika kwa majina ya Jagger na Richards. Wimbo ulikuwa wa Robert Wilkins, Mmarekani mweusi aliyeurekodi mwaka 1929 kwa maneno ya kidunia, kisha akawa mhubiri, akaugeuzia maneno ya dini na kuurekodi tena mwaka 1964. Tazama ajabu hii: Wilkins alijirudia mwenyewe, akaufanya wimbo wake kuwa mwingine kabisa; kisha wakaja waliourudia kwa uaminifu mkubwa wa sauti, lakini jina lake likaachwa. Baadaye kosa lilisahihishwa. Hata hivyo kosa lenyewe linafundisha: mtu aweza kuhifadhi kila noti ya mwenzake na bado akamdhulumu.

Mfano mwingine una pande mbili. Wimbo wao wa mwaka 1965, "The Last Time", ulijengwa juu ya wimbo wa kanisani ambao The Staple Singers walikuwa wamekwisha kuurekodi katika miaka ya 1950. Lakini uliandikwa kwa majina ya Jagger na Richards. Mwaka 1997 kundi la The Verve lilitumia kipande cha muziki kutoka katika toleo la wimbo huo lililopigwa na okestra ya Oldham, na kwa ajili ya kipande hicho haki ya wimbo wao mpya ikaandikwa kwa majina ya Jagger na Richards. Wale waliojenga juu ya msingi wa wengine bila kuwataja wakawa sasa wenye msingi, wakidai haki. Mwaka 2019 Jagger na Richards walimrudishia Richard Ashcroft wa The Verve haki yake. Lilikuwa tendo jema, ingawa lilichelewa zaidi ya miaka ishirini.

Kuna wasemao kwamba jambo lote hili ni unyang'anyi: Waingereza weupe walitajirika kwa nyimbo za Wamarekani weusi waliokufa maskini. Hoja hii haifai kupuuzwa, kwa kuwa fedha ilikwenda ilikokwenda. Lakini haifai pia kuikubali bila kuipima. Mwaka 1965, walipoalikwa katika kipindi cha televisheni cha Marekani kiitwacho Shindig!, vijana hawa walitaka Howlin' Wolf naye aalikwe. Akaja, akaimba, nao wakakaa chini kumsikiliza. Vijana wengi wa Kimarekani walimwona siku hiyo mwimbaji wa nchi yao ambaye hawakuwa wamemjua. Basi watu wale wale walimtaja mmoja na kumwacha mwingine. Hukumu ya haki ni kuyasema yote mawili. Dhambi haikuwa katika kurudia. Ilikuwa katika kutotaja.

Tena inafaa tukumbuke kwamba mwenyewe hajulikani kwa urahisi. "Just Your Fool" huandikwa kwa jina la Little Walter, lakini bendi ya Buddy Johnson ilikuwa imekwisha kuurekodi mapema katika miaka ya 1950. Wimbo wa Muddy Waters uliolipa kundi jina lake umetokana na wimbo wa zamani wa Mississippi ujulikanao kama "Catfish Blues", ambao Robert Petway aliurekodi mwaka 1941. Ukifuata mto wa bluzi kwenda juu, kila chemchemi unayoifikia ina kijito kinachoingia. Hii ndiyo sababu kutaja jina ni wajibu wa kila mmoja, kwani anayekuja nyuma hana alama nyingine ya kumwongoza.

Albamu ya pili ilikuja miaka saba baadaye, na kati ya hizo mbili kifo kilipita. Charlie Watts alifariki London tarehe 24 Agosti 2021. Hackney Diamonds ilikuwa albamu yao ya kwanza ya nyimbo mpya tangu mwaka 2005. Jina lake ni la mtaani, na wanafunzi wa lugha watalifurahia: almasi za Hackney, mtaa wa mashariki ya London, ni vipande vya kioo vinavyobaki barabarani baada ya dirisha kuvunjwa. Mtayarishaji ni Andrew Watt, kijana kwao, ambaye jina lake limo katika utunzi wa nyimbo tatu. Wageni ni wengi na wakubwa: Paul McCartney anapiga gita la besi, Elton John piano, Stevie Wonder vinanda, na Lady Gaga anaimba.

Nyimbo hizi zimetengenezwa vizuri, na pengine hilo ndilo kosa lake. "Angry", wimbo wa kwanza, una kila kitu ambacho msikilizaji angetazamia kwa kundi hili, wala hauna kitu ambacho hakutazamia. Magita yanaingia mahali pake, sauti imesafishwa hata umri haumo. Nilipousikiliza baada ya "Little Rain" niliona jambo la kushangaza: wimbo wao wenyewe ndio uliosikika kama maigo, na waliyekuwa wakimwiga ni wao wenyewe walipokuwa vijana. Hatari hii huwapata washairi pia. Mtu akisifiwa kwa muda mrefu kwa namna moja ya kutunga, namna hiyo hugeuka kalibu, naye akawa anajimimina humo. Kumwiga mwingine kuna aibu inayomzindua mtu; kujiiga mwenyewe hakuna anayemwonya.

Hata hivyo albamu ina mambo matatu yanayoiokoa. La kwanza ni "Live by the Sword", mmojawapo wa nyimbo mbili ambazo ngoma ya Watts, iliyorekodiwa mwaka 2019, imehifadhiwa. Bill Wyman, mpiga besi aliyeacha kundi mwaka 1993, alirudi kupiga humo, na wazee hawa wakakutana kwa mara nyingine katika sahani. La pili ni "Sweet Sounds of Heaven", wimbo wa zaidi ya dakika saba, wenye mwendo wa nyimbo za kanisa la Wamarekani weusi. Huo ni utunzi wao, lakini umejengwa kwa adabu ya waliofundishwa na wengine: unapanda, unatulia kana kwamba umekwisha, kisha unaanza upya. Asiyekaa miaka mingi na nyimbo za aina hiyo hawezi kuutunga.

La tatu ni wimbo wa mwisho, "Rolling Stone Blues", nao ni ule wa Muddy Waters wa mwaka 1950. Wageni wote wameondoka. Wamebaki wawili tu, Richards kwa gita na Jagger kwa sauti na kinanda cha mdomo. Ni wale wale wa kituo cha garimoshi cha Dartford. Muddy Waters aliurekodi peke yake, sauti moja na gita moja, mtu mzima mwenye nguvu akijisifu kwa uzururaji wake. Wao wameuimba wakiwa karibu na miaka 80. Hawakubadili mengi. Lakini majigambo ya mtu wa makamo yakitoka kinywani mwa mzee huwa hesabu ya maisha, na uzururaji uliokuwa ahadi umekuwa kumbukumbu. Mistari miwili ya mwenyewe imebaki kama ilivyokuwa, na mitatu iliyoongezwa ni miaka 60. Takhmisi hii ni kamili, na jina la mwenyewe limo katika jina la kundi tangu siku ya kwanza.

Jibu langu kwa swali la mwanzo, basi, ni kwamba wazee hawa walikuwa watungaji zaidi waliporudia. Sisemi kwamba kutunga kumepungua thamani, wala kwamba kila mzee arudi kwenye nyimbo za ujana wake. Nasema kwamba upya haukai katika karatasi ya majina ya watungaji. Wimbo mpya waweza kuwa kopi, na wimbo wa zamani waweza kuwa utunzi. Jungu kuu halikosi ukoko, lakini ukoko haupatikani kwa kulisugua jungu ling'ae.

Jambo hili si la Waingereza peke yao. Juma Bhalo wa Mombasa alizitwaa tuni za filamu za Kihindi akazivika mashairi ya Kiswahili, baadhi yake ya Ahmad Nassir, na waliopenda taarabu hawakumwita mnakili. Kwa upande mwingine, wimbo "Malaika" umerudiwa na waimbaji wa mataifa mengi, na jina la mtungaji wake limegombaniwa kwa miaka mingi. Tulimfurahia kila aliyeurudia, lakini hatukuwahi mapema kuandika nani aliutunga. Kwa hiyo napendekeza kwamba neno kopi liachiwe kazi isiyoongeza kitu, iwe ya wimbo wa mwingine au ya wimbo wa mtu mwenyewe. Neno kurudia litumike kwa kazi iongezayo. Na mwanafunzi wa uhakiki afundishwe kuuliza maswali matatu ya takhmisi kabla ya kutoa hukumu. Kwa maswali mawili ya kwanza sikio linatosha. Kwa la tatu panatakiwa daftari, nalo halina budi kuandikwa wakati wenye kujua bado wako hai.